Mgeni Langoni pa Mji

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Mwanzo 23:1-20 na Mambo ya Walawi 19:33-36)

Nakusalimu wewe uliye jikoni ukichemsha chai, nawe uliye ndani ya gari ukielekea kazini, nawe unayesikiliza ukiwa kitandani hospitalini. Asubuhi ya leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo lisilohubiriwa mara nyingi, nalo ni shughuli ndogo ndogo za mtu mgeni. Nasema juu ya kununua maji, kupanda gari, kusimama kwenye foleni ya ofisi, kutafuta mboga sokoni, na kurudi nyumbani kabla ya giza. Kwa mwenyeji kazi hizi ni za kila siku, hata hazikumbuki jioni. Kwa mgeni kila moja ni mtihani.

Zamani za Biblia shughuli za namna hiyo zilifanyika langoni pa mji. Wazee waliketi hapo kuamua mashauri. Wachuuzi waliweka bidhaa zao hapo. Mtu akiuza shamba, aliliuza hapo mbele ya mashahidi. Boazi alipotaka kulikomboa shamba la Naomi, alikwenda langoni akaketi, akawaita wazee 10, kama tusomavyo katika Ruthu sura ya 4. Hata wale malaika wawili walipofika Sodoma jioni, walimkuta Lutu ameketi langoni. Kwa lugha yetu ya leo twaweza kusema kwamba lango lilikuwa soko, korti, ofisi ya ardhi na steji ya magari, vyote mahali pamoja. Mgeni hakuweza kuingia mjini bila kupita hapo, na hapo ndipo alipojua ameingia mji wa namna gani.

Sasa fungua Mwanzo sura ya 23. Sara amekufa huko Hebroni, akiwa na umri wa miaka 127. Ibrahimu amemlilia. Kisha ainuka kutoka mbele ya maiti, kwa maana hata mwenye msiba ana shughuli. Ninyi mliofiwa mwajua. Machozi hayajakauka, na tayari mtu aulizwa habari za jeneza, za gari, za kaburi. Shughuli ya Ibrahimu siku ile ilikuwa ni kutafuta mahali pa kumzika mkewe, maana katika nchi ile yote hakuwa na kipande cha ardhi kilicho chake.

Tuhesabu kidogo. Biblia yatuambia kwamba Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75, na kwamba alimzidi Sara kwa miaka 10. Basi Sara alipokufa, Ibrahimu alikuwa na miaka 137. Ilikuwa imepita miaka 62 tangu aingie Kanaani. Watoto waliozaliwa mwaka aliofika walikuwa sasa na wajukuu. Lakini mzee huyu aliposimama mbele ya wana wa Hethi, neno la kwanza alilosema juu ya nafsi yake ni kwamba yeye ni mgeni na mpitaji kwao.

Wenyeji walimjibu kwa heshima. Walimwita mkuu aliyetoka kwa Mungu, wakamwambia achague kaburi lililo bora katika makaburi yao. Naye akainama mbele yao. Akaomba aongeleshwe Efroni, mwenye pango la Makpela. Efroni alisema kwa maneno matamu kwamba atampa bure, lakini alipoulizwa tena akataja shekeli 400 za fedha. Nabii Yeremia, katika sura ya 32 ya kitabu chake, alinunua shamba kwa shekeli 17. Kwa hiyo wafafanuzi wengi wa Biblia wameona kwamba Efroni alimpiga Ibrahimu bei ya mgeni. Ibrahimu hakubishana. Alizipima fedha zote kwa kipimo cha wafanya biashara, mbele ya watu wote waliopita langoni. Shamba likaandikwa moyoni mwa mashahidi pamoja na pango lake, na miti yake, na mipaka yake pande zote.

Hayo ni mambo ya kale. Sasa tutoke Hebroni twende Kitengela.

Wengi wenu mwaijua Kitengela, kiasi cha kilomita 30 kusini ya Nairobi, kwenye barabara kuu iendayo Namanga. Wazee bado huiita Noonkopir. Hiyo ni nchi ya Wamasai, ukoo wa Kaputiei, waliochunga ng'ombe katika mbuga zile. Tukumbuke pia kwamba Wamasai wenyewe wajua uchungu wa kuhamishwa. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911, serikali ya Kiingereza iliwaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na ya Laikipia, ikawasukuma upande wa kusini. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliandikisha ardhi yao kwa ranchi za makundi. Mwaka 1988 ranchi ya kundi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata fungu lake. Baada ya hapo eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likafunguliwa Athi River, kufuatana na sheria ya mwaka 1990, na wafanyakazi wakahitaji nyumba. Ploti zikauzwa. Magorofa yakapanda.

Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwakuta watu 58,000 hivi katika mji wa Kitengela. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta zaidi ya 150,000. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wakaao Kitengela leo ni wageni au watoto wa wageni. Yuko Mkamba, yuko Mkikuyu, yuko Mluo, yuko Mkisii, yuko Mluhya. Wako Wakongomani na watu wa Sudan Kusini waliokimbia vita. Lakini moyo wa mwanadamu ni wa ajabu. Mtu aliyefika mwaka 2005 na godoro moja, leo ana nyumba ya kupangisha, naye amtazama aliyefika juzi na kumwita mgeni.

Nataka nikusimulie siku moja ya mama mmoja wa Kitengela. Yeye mwenyewe alinisimulia, akaniruhusu niseme, ila jina lake nitalihifadhi. Mama huyu alitoka upande wa Kivu, mashariki ya Kongo, kwa ajili ya vita. Kiswahili ni lugha yake tangu utoto, lakini ni Kiswahili cha kwao. Ukimsikia mara moja wajua kwamba hakuzaliwa Kenya.

Siku hiyo alikuwa na safari ya Kajiado. Mtoto wake wa tatu alizaliwa Kitengela, naye alikuwa na karatasi ya hospitali, akaambiwa afike Kajiado kwa habari ya cheti cha kuzaliwa. Kabla ya kuondoka ilimpasa kuacha maji nyumbani. Kitengela ni pakavu, na nyumba nyingi hununua maji ya kisima kwa mitungi. Kijana wa mkokoteni alifika kwenye lango la ploti. Jirani alinunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Mama huyu alipouliza bei, kijana aliisikia lugha yake, akasema shilingi 30. Maji yalitoka kisima kimoja na mkokoteni ulikuwa ule ule. Akalipa, maana watoto hawawezi kungoja mashauri.

Kutoka hapo alikwenda steji. Kitengela mpaka Kajiado ni kiasi cha kilomita 50, kupitia Isinya. Makanga naye alimtajia nauli yake ya peke yake. Lakini kiti cha nyuma aliketi mzee mmoja amejifunga shuka, na fimbo yake magotini. Mzee akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kijana, huyu ni mama wa watu. Chukua nauli kama yetu." Makanga akacheka, akarudisha chenji. Mzee hakuongeza neno. Aliteremka Isinya, akaenda zake.

Akafika Kajiado. Jina hilo husemwa kwamba latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya mto mrefu. Ni mji wa ofisi. Watu wa sehemu nyingi za kaunti hufika huko kwa ajili ya vyeti, mashamba na kesi. Ndiyo kusema, ni lango la nchi ile. Naye mama alipokaribia mlango wa ofisi, kijana mmoja asiye mfanyakazi wa pale alimwendea. Alimwambia kwamba mtu wa nchi nyingine hawezi kupata cheti cha mtoto bila kutoa kitu, na kwamba yeye amjua mtu ndani. Hayo yalikuwa uongo. Sheria ya Kenya yataka kila mtoto anayezaliwa nchini aandikishwe, awe wa mwenyeji au wa mkimbizi. Lakini mgeni atajuaje? Uongo huwinda penye watu wasiojua.

Pale penye benchi waliketi watu wengi wakingoja. Kati yao alikuwamo bibi mmoja wa Kimasai, mzee sana, ambaye watu walimwita "koko", yaani nyanya. Bibi huyu alikuwa amesikia. Akajisogeza, akapiga benchi kwa kiganja kumwonyesha mama nafasi, akasema, "Keti hapa, mama. Usimpe huyo kitu. Ngoja zamu." Kisha akamsalimu kwa lugha yake, "Takwenya." Mama hakujua la kujibu. Bibi akamfundisha kwamba mwanamke akisalimiwa hivyo hujibu, "Iko." Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana neno hilo, "iko", ndilo analolisema kutwa nzima katika Kiswahili cha kwao Kongo. Alikuwa amekuja na jibu tayari kinywani mwake, wala hakujua.

Zamu yake ilipofika, karani alimwuliza jina la mtoto. Matamshi yalikuwa mageni kwake. Karani hakucheka wala hakuandika ovyo. Aliuliza mara mbili, akamwomba alitaje herufi kwa herufi, akalisoma tena ili mama akubali. Akampa tarehe ya kurudi. Ikawa imekwisha.

Jioni, akiwa amerudi Kitengela, alipita sokoni kutafuta mboga. Akamwuliza mama mmoja mwuzaji, "Mama, lengalenga iko?" Mwuzaji hakuelewa. Angaliweza kusema hakuna, amalize maneno. Badala yake aliinua sukuma wiki, mama akatikisa kichwa. Akainua mchicha wa kienyeji, ule ambao watu wa Nairobi na Kitengela huuita terere. "Ndiyo hii!" akasema mama. Majirani wa mwuzaji walitaka kujua, na kwa muda kidogo meza tatu za soko zilikuwa zikijifunza jina jipya la mboga waliyoiuza miaka yote. Akanunua fungu mbili, kwa bei ya wote.

Msikilizaji mpendwa, katika siku hiyo nzima hakuna mtu aliyefanya jambo kubwa. Mzee wa gari alisema maneno machache. Bibi alisogea kwenye benchi. Karani aliuliza jina mara mbili. Mwuzaji aliinua mboga. Hakuna aliyetumia hata dakika 5. Kadhalika waliomdhulumu hawakufanya dhuluma kubwa. Ilikuwa shilingi 10 hapa, na uongo mdogo pale. Lakini mama huyu angaliweza kurudi nyumbani bila cheti na bila nauli, akiamini kwamba Kenya yote ni kama yule kijana wa mlangoni. Tena jambo lililokuwa mkononi mwake halikuwa dogo. Lilikuwa jina la mtoto. Mtoto asiye na cheti atasumbuka kuandikishwa mtihani, atasumbuka kuthibitisha yeye ni nani. Maisha ya mtu mzima yalikuwa yananing'inia kwenye neno la bibi mmoja aliyesema, "Keti hapa."

Basi tujifunze mambo matatu.

La kwanza ni juu ya kipimo. Tumezoea kusoma Mambo ya Walawi 19, mstari wa 33 na wa 34, ambapo Bwana awaamuru Israeli wasimwonee mgeni, wampende kama nafsi zao, kwa kuwa wao nao walikuwa wageni Misri. Mara nyingi tunafunga kitabu hapo. Endelea kusoma. Mistari miwili ifuatayo ni juu ya mizani, na mawe ya kupimia, na kibaba. Kwa nini Mungu aliyaweka maneno hayo karibu namna hiyo? Kwa sababu mahali pa kwanza mgeni anapoonewa ni penye mizani. Huwezi kumpenda mgeni kama nafsi yako katika kwaya siku ya Jumapili, kisha Jumatatu umtajie bei yake ya peke yake. Ndugu yangu mwenye duka, dada yangu mwenye kibanda, ndugu wa bodaboda, mwenye nyumba za kupangisha: upendo wako kwa mgeni waweza kuhesabiwa kwa shilingi. Bei moja kwa watu wote ni ibada.

La pili ni juu ya ulimi. Katika Waamuzi sura ya 12 twasoma habari ya kutisha. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno "Shibolethi". Waefraimu hawakuweza kulitamka sawasawa, wakasema "Sibolethi". Kwa ajili ya herufi moja walikufa watu 42,000. Na hao wote, waliouawa na waliowaua, walikuwa wana wa Israeli. Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, palikuwa na vizuizi barabarani ambapo msafiri alitakiwa kuonyesha kitambulisho ili jina lake lionyeshe kabila lake. Mambo kama hayo hayaanzi siku ya vita. Huanza siku mtoto anapocheka matamshi ya mwenzake shuleni, na mzazi akacheka naye. Huanza steji, mtu anapopandishiwa nauli kwa ajili ya lugha yake. Ukisikia ulimi mgeni leo, fanya kama yule karani. Uliza tena, polepole, na uandike sawasawa.

La tatu ni juu ya mgeni mwenyewe. Hapa naongea na wewe uliyenunua ploti Kitengela, au Isinya, au Kisaju, na wewe unayetafuta kununua. Tazama tena alivyofanya Ibrahimu. Alikuwa tajiri, mwenye watumishi wengi. Angaliweza kusema kwamba Mungu amekwisha kumwahidi nchi ile yote, kwa hiyo hana haja ya kuombana na mtu. Hakusema hivyo. Aliinama mbele ya watu wa nchi. Alilipa fedha kamili. Alifanya neno lake hadharani, wala hakulifanya gizani.

Nasema haya kwa sababu yako machozi ya wenyeji pia. Yako maboma ambamo mume aliuza ardhi akiwa amelewa, mke na watoto wakapata habari siku ile nguzo za ua zilipowekwa. Wako wazee waliotia kidole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Yako malisho yaliyokatwa vipande mpaka ng'ombe hawana njia ya kwenda majini. Sheria zetu za mwaka 2012 na 2013 juu ya ardhi na mali ya ndoa zataka mke aridhie kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, na shamba la kilimo au la malisho huhitaji idhini ya bodi ya ardhi. Mkristo asiione sheria hiyo kuwa usumbufu. Hiyo ndiyo lango la Hebroni katika siku zetu. Kabla ya kulipa, nenda ukamwone yule mama katika boma. Kama yeye hajui, usinunue. Shamba lililopatikana kwa kumdhulumu mjane au mtoto halitakupa usingizi, hata ukijenga juu yake nyumba ya vyumba 6 na kanisa pembeni.

Na ukiisha kununua, jifunze salamu ya watu waliokupokea. Ni jambo dogo, lakini hivyo ndivyo mtu anavyoinama mbele ya watu wa nchi katika siku zetu.

Najua mtu mmoja anayesikiliza anasema moyoni, "Mchungaji, wewe huwajui wageni. Wako waongo. Wako wezi." Ni kweli, wako. Wako hata kati ya wenyeji. Mwizi ashtakiwe kwa wizi wake, awe ni nani. Lakini Neno la Mungu halikusema tumpimie vizuri mgeni aliye mwema tu. Mizani haimwulizi mtu tabia yake. Mwingine anasema, "Mimi ni maskini, nitamsaidiaje mtu?" Ndugu yangu, yule bibi wa Kajiado hakutoa hata senti. Alikuwa na nafasi kwenye benchi, akaigawa.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mbona sisi Wakristo tuwajali watu wa langoni? Ni kwa sababu Bwana wetu alipita hapo. Alipozaliwa Bethlehemu, wazazi wake walikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Kabla hajakua alichukuliwa usiku kukimbilia Misri, mtoto mkimbizi katika nchi ya lugha nyingine. Katika ua wa kuhani mkuu, Petro alitambulikana kwa matamshi yake ya Kigalilaya. Na Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, watufundisha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango la mji, kisha mwandishi atuita tumwendee huko huko nje, tuchukue aibu yake. Alipokufa hakuwa na kaburi. Alilazwa katika kaburi jipya la Yusufu wa Arimathaya, kama vile Ibrahimu alivyolazimika kutafuta kaburi kwa watu wengine. Kwa hiyo ukimfukuza mtu langoni, angalia sana ni nani unayemfukuza. Bwana mwenyewe alisema katika Mathayo 25 kwamba siku ya hukumu atatuuliza habari ya mgeni, kama tulimkaribisha, na atalichukua jibu kama alilotendewa yeye.

Basi juma hili, msikilizaji mpendwa, nakuomba ufanye jambo moja. Usingoje semina wala mchango. Mtafute mtu mmoja aliye mgeni mahali unapokaa. Labda ni mpangaji wa chumba cha mwisho. Labda ni msichana wa kazi aliyeletwa kutoka mbali na hajui kona za mji. Labda ni mkimbizi, au mwalimu mpya, au mchungaji wa mifugo aliyeingia mjini na kupotea kati ya magari. Muulize ana shughuli gani ambayo imemshinda. Kama ni ofisi, mwelekeze mlango ulio sawa. Kama ni soko, nenda naye. Kama wewe ndiwe uliyempandishia bei, mrudishie. Na kama wewe ndiwe mgeni, usife moyo. Mungu wa Ibrahimu ajua njia za mji huo, naye anao watu wake hata kwenye benchi.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyetembea na Ibrahimu katika nchi isiyokuwa yake, tunakushukuru kwa kuwa ulitupokea tulipokuwa mbali. Twakuombea kila mtu atakayetoka nyumbani leo katika mji asioujua. Umpe maneno ya kusema, na umpe mtu wa kumsikia. Wabariki makarani, madereva, wachuuzi na walinzi wa milango, wawe na mikono safi. Waponye wale waliopoteza ardhi yao kwa hila. Utupe mizani moja na moyo mmoja, mpaka siku ile utakapotuingiza katika mji wako, ambao malango yake hayatafungwa kamwe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.